Kuanza Discworld Katikati na Kitabu Chembamba: Maswali Yanayoulizwa Kila Mara

Tangu nianze kuazimisha watu vitabu vyangu vya Terry Pratchett (vingine mpaka leo havijarudi na wahusika wanajijua) maswali ni yale yale. Mtu kakuta kitabu chembamba kwa muuza vitabu vya mtumba, kimeandikwa Eric, kafungua ndani kaona ni cha tisa, anauliza: nisome au nisubiri nipate cha kwanza? Jibu fupi ni soma tu. Jibu refu ndo hili hapa chini.

## Mwanzo kabisa

Discworld ni kitu gani jamani?

Ni riwaya 41 za fantasia zenye vichekesho, zimeandikwa na Terry Pratchett, Mwingereza aliyezaliwa 1948 akafariki Machi 2015. Cha kwanza, The Colour of Magic, kilitoka 1983, na cha mwisho, The Shepherd's Crown, kilitoka Agosti 2015, mwenyewe ameshatangulia.

Dunia yenyewe ni bapa kama sinia, imekaa juu ya migongo ya tembo wanne, na tembo wamesimama juu ya kobe mkubwa anayeogelea angani taratibu bila haraka. Ukishakubali hilo la kobe, mengine yote utayakubali.

Na huyu Eric ni kipi katika hao 41?

Cha tisa. Kilitoka 1990, katikati ya Guards! Guards! na Moving Pictures. Ni kati ya vifupi kuliko vyote, toleo la kawaida lina kurasa mia na hamsini hivi na ushee, unakimaliza Jumapili moja na chai unakunywa.

Kwa hiyo kweli naanza cha tisa? Vile nane vya nyuma vinaenda wapi?

Havijaenda popote, vinakusubiri. Hapa watu wanachanganya mambo kwa sababu wamezoea ile mifululizo ambayo ni hadithi moja ndefu imekatwa vipande, ukiruka kimoja humjui mfalme ni nani na nani kamuua nani. Discworld haiko hivyo. Ichukulie kama umehamia mtaa mpya. Hakuna anayekukalisha chini kukusimulia historia ya kila nyumba kabla hujaruhusiwa kwenda dukani, unaingia tu, unasalimia, siku ya tatu unajua nani mkopaji, mwezi wa pili unajua kwa nini mama wa nyumba ya kona hasemeshani na jirani yake. Karibu kila kitabu kina mwanzo na mwisho wake, kinaanza tatizo na kinalimaliza.

Ila "karibu" nimeiweka makusudi. Kuna wahusika wanaorudi, wanaoa, wanapanda vyeo, wanazeeka, kwa hiyo ndani ya 41 kuna nyuzi, na ukishika uzi mmoja ni vizuri uufuate kwa mpangilio.

Hizo nyuzi ni zipi?

Nazitaja haraka. Kuna uzi wa Rincewind, mchawi msomi ambaye hawezi hata uchawi mmoja na kipaji chake pekee ni kukimbia. Unaanza na The Colour of Magic, kisha The Light Fantastic, Sourcery, Eric, Interesting Times, The Last Continent. Kuna wachawi wa kijijini, Granny Weatherwax na wenzake, wao anza na Wyrd Sisters (kuna Equal Rites kabla yake, 1987, lakini humo Granny bado hajakaa sawa). Kuna polisi wa jiji la Ankh-Morpork chini ya Sam Vimes, uzi mrefu na mimi kwangu ndo bora kuliko yote, unaanzia Guards! Guards! ya 1989. Kuna Mauti, ndio Mauti mwenyewe na panga lake la kukatia nyasi, anaanza kupewa kitabu chake kwenye Mort. Kuna Tiffany Aching, mchawi mtoto, anaanza na The Wee Free Men. Halafu kuna Moist von Lipwig, tapeli aliyepewa posta aiendeshe badala ya kunyongwa, huyo ni Going Postal ya 2004.

Na kuna vinavyojitegemea kabisa kama Small Gods na Pyramids, hivyo unaviokota popote.

## Kuhusu Eric chenyewe

Nijue nini kabla sijafungua ukurasa wa kwanza?

Kidogo sana. Rincewind ni mwoga na haoni aibu, kwake uoga ni akili. Ana sanduku linaloitwa the Luggage, limechongwa kwa mti wenye akili, lina miguu mingi midogo, linamfuata popote hata kuzimu na likikasirika linameza watu. Mauti anaonekana mtu akifa au akikaribia, na hana ubaya na mtu, yuko kazini.

La mwisho: mwishoni mwa Sourcery (cha tano, 1988) Rincewind alinasa kwenye Dungeon Dimensions, ulimwengu wa madude ya kutisha nje ya dunia yetu. Eric kinaanza yeye akiwa bado yuko huko. Basi. Ukiwa na hayo manne umefika.

Hadithi inahusu nini? Usiniharibie uhondo.

Eric Thursley ni mtoto wa miaka 13 anayejifundisha kuita mashetani chumbani kwake. Anachora duara, anasoma maneno, anangoja shetani atokee ampe matakwa matatu: atawale dunia yote, akutane na mwanamke mrembo kuliko wote waliowahi kuishi, na aishi milele. Badala ya shetani anatokea Rincewind, kachoka, kofia imeandikwa Wizzard na zedi mbili. Mtoto haamini kwamba huyu si shetani. Rincewind naye hana pa kwenda. Halafu, kwa sababu ambazo mwenyewe hazielewi, akipiga kidole matakwa yanaanza kutimia kweli, na kila moja linatimia vibaya.

Kutoka hapo wanarushwa huku na kule, kwa watu wa msituni wanaojenga mapiramidi na kutoa kafara, kwenye vita vya kale vya kugombania mwanamke, mpaka mwanzo wa ulimwengu wakati muumbaji yupo kazini, na mwisho motoni. Huko motoni mfalme mpya wa mashetani ameamua adhabu za zamani hazina ufanisi, analeta utaratibu wa kiofisi, na watu wanateswa kwa kuchoshwa tu. Kuna mtu anasukuma jiwe mlimani milele kama kawaida, ila sasa kabla ya kusukuma lazima kwanza asomewe kanuni za usalama kazini, zote, juzuu baada ya juzuu. Kama umewahi kukaa benchi la ofisi fulani ukaambiwa "njoo kesho na kopi mbili" ule ukurasa utakuuma.

Kwenye kava kuna neno Faust limekatwa juu ya Eric. Wamekosea uchapaji?

Hapana, ni utani. Faust ni hadithi ya zamani ya Kijerumani ya msomi aliyeuza roho yake kwa shetani apate elimu na starehe. Pratchett anakwambia hapa tunacheza stori ile ile, ila badala ya msomi mzito tunaye mtoto mwenye chunusi. Huhitaji kuisoma Faust. Utani wote ni ule mstari uliokata jina.

Mbona ni kifupi hivi kuliko vingine?

Kwa sababu kilizaliwa kama kitabu cha picha. Toleo la kwanza la 1990 lilikuwa kubwa kwa umbo, lina michoro ya Josh Kirby kurasa nzima nzima, yule yule aliyechora makava ya zamani yaliyojaa watu wamebanana kama daladala la saa kumi na mbili jioni. Maandishi yaliandikwa kwenda sambamba na picha, ndo maana kila sehemu ni kama kituo: wanafika, unaona kitu cha ajabu, balaa, wanakimbia.

Langu halina picha hata moja. Nimeuziwa kitabu kilichokatwa?

Hujaibiwa. Baadaye kilitolewa kwa umbo la kawaida maandishi matupu, na hadithi ni ile ile. Ulichokosa ni michoro, na hilo si dogo kwa maana baadhi ya sehemu zinapita mbio sana zikiwa hazina picha ya kukushika. Ukikutana na lile kubwa lenye michoro kwa bei ya mtumba, usiulize mara mbili.

Nikianza na hiki, Sourcery itakuwa imeharibika?

Kidogo tu. Utajua kwamba Rincewind ataishia kule kwenye Dungeon Dimensions, lakini hutajua kwa nini wala alifanya nini kufika huko, na hiyo "kwa nini" ndo uzito wa kitabu kizima. Ni mara moja katika maisha yake ambapo huyu mtu hakukimbia, sisemi zaidi.

Nimefika nusu na sicheki. Tatizo ni mimi?

Si wewe, na hapa niseme ukweli japo mashabiki watanirukia. Mimi mwenyewe nilianza na Eric, nilikipata chini kwenye turubai kati ya vitabu vya biashara na Biblia moja isiyo na kava, nikakinunua kwa sababu kilikuwa chembamba na nauli nilikuwa nimeshaitenga. Nilikisoma. Nikacheka pale kwenye adhabu za ofisi na pale kwenye vita. Nikakifunga, nikasema sawa, kimekwisha, na ikapita kama miaka miwili sijagusa kingine. Yaani kidogo kinipoteze.

Sababu naijua sasa. Eric ni utani juu ya utani, kinapita haraka sana kwenye kila mahali kiasi kwamba hakuna mtu wa kumpenda. Rincewind humjui bado kwa hiyo kukimbia kwake ni kukimbia tu, wakati aliyesoma vitatu vya nyuma anamwona kama yule mjomba ambaye kila sherehe lazima limpate jambo. Eric mwenyewe ni mtoto anayeudhi, kaandikwa hivyo makusudi. Nguvu kubwa ya Pratchett, ile ya kukuchekesha halafu ghafla unakuta una donge kooni, kwenye Eric haipo sana. Ipo kwenye Mort, ipo kwenye Small Gods, na kwenye Night Watch ndo usiseme.

Kwa hiyo ukifika nusu hucheki, nenda mpaka sehemu ya motoni kwanza, ni fupi. Ikishindikana na hapo, usihukumu mfululizo mzima, hamia swali linalofuata.

## Vifupi vingine vya kuanzia

Kama sio Eric, kipi chembamba kinafaa kuanzia katikati?

The Wee Free Men. Nimeazimisha watu wengi na ndo kimerudishwa na swali la "kinachofuata unacho?" mara nyingi zaidi. Ni cha 30, kilitoka 2003, kiliandikwa kwa wasomaji wadogo lakini usidanganyike na hilo. Tiffany ana miaka tisa, anatoka ukoo wa wafugaji kondoo, anaona jini la mtoni lenye meno ya kijani, na badala ya kulia anarudi nyumbani kuchukua kikaango cha chuma na mdogo wake wa kiume ampange kando ya mto kama chambo. Jini linatoka, linakula kikaango cha uso. Hapo hujafika mbali kitabuni. Baadaye mdogo wake anaibwa kweli na inabidi amfuate.

Ndani yake kuna bibi yake aliyefariki, mchungaji aliyeongea kidogo na kuvuta tumbaku kali, na jinsi Tiffany anavyomkumbuka. Kama umelelewa na bibi, jiandae. Hakihitaji kitabu chochote kabla yake na ndo mwanzo wa uzi wake.

Kasoro moja: wale watu wadogo wa bluu, Nac Mac Feegle, wanaongea Kiingereza cha Kiskoti kilichokaangwa. Tazama swali la Kiingereza hapo chini.

Chaguo la pili ni The Amazing Maurice and His Educated Rodents, cha 28, 2001, kilimpa Pratchett Medali ya Carnegie, tuzo ya Uingereza ya vitabu vya watoto. Ni paka mjanja, kijana mpiga filimbi, na panya walioanza kufikiri baada ya kula taka za chuo cha wachawi. Wanazunguka miji, panya wanavamia, kijana anajitokeza kuwaondoa, wanagawana hela. Panya wamejichagulia majina kwenye makopo kabla hawajajua maana yake, kwa hiyo kuna mmoja anaitwa Sardines na mwingine Dangerous Beans, na huyu Dangerous Beans ndo mwenye hekima kuliko wote. Kinajitegemea kabisa. Kina giza kuliko kava linavyoonyesha.

The Last Hero nacho ni kifupi na picha zake kali, nianze nacho?

Hapana. Nunua, tazama picha, weka kabatini. Kilitoka 2001, picha ni za Paul Kidby na ni nzuri mno, lakini ndani wamekusanywa Rincewind, Kapteni Carrot wa polisi, Leonard wa Quirm yule mvumbuzi, na Cohen, shujaa aliyezeeka, na wazee wenzake wababe wanaopanda mlima kwa miungu kwenda kurudisha moto na riba juu. Ni kama kufika harusini usiku wa mwisho, watu wanacheka kwa mambo ya wiki nzima wewe umesimama na sahani yako. Kisome baada ya Interesting Times na angalau kitabu kimoja cha polisi.

Kuna kifupi zaidi ya hapo, hadithi fupi tu?

Ziko. Troll Bridge ya 1992 ni kurasa chache, Cohen mzee na farasi wake anayelalamika wanafika kwenye daraja la zimwi. Na The Sea and Little Fishes ya 1998, Granny Weatherwax anaombwa asishiriki mashindano ya wachawi kwa kuwa hushinda kila mwaka, naye anaanza kuwa mpole, na upole wake unawatisha watu kuliko hasira. Hii ya pili inaonja vizuri sana uzi wa wachawi.

## Kusoma kwenyewe

Kiingereza changu ni cha kawaida, nitaweza?

Cha kawaida kinatosha kufuata hadithi. Utani wa maneno utakupita baadhi, na unawapita Waingereza wenyewe pia, watu bado wanagundua vichekesho kwenye kusoma mara ya nne. Usishike kamusi kila mstari, utaua kitabu. Soma, ukikwama ruka.

Kwa Feegle soma kwa sauti. Maneno yao yameandikwa kama yanavyosikika, ukiyatamka "ken" na "wee" na "dinnae" yanaanza kukaa. Baada ya kurasa ishirini hivi sikio linazoea, ni kama ulivyohamia kwa watu wanaoongea Kiswahili cha pwani ndani ndani, wiki ya kwanza unatabasamu tu, ya pili unajibu.

Hakuna sura! Nasimama wapi nikalale?

Popote palipoachwa nafasi. Vitabu vyake vingi havina sura, Eric kikiwemo, na matokeo yake utasema "kipande kimoja tu" mpaka saa nane usiku. The Wee Free Men na Going Postal vina sura, kama unahitaji.

Hizi nyota na maelezo chini ya ukurasa nisome au niache?

Soma!! Nusu ya vichekesho viko kule chini.

Mbona kuna mtu anaongea kwa herufi kubwa bila alama za kunukuu?

Ndo Mauti. Sauti yake haipiti masikioni, inaingia moja kwa moja kichwani, ndo maana hana alama. Usimfikirie kama Israili wa kwetu anayefunga watoto kwa hofu, huyu anapenda paka, anakula mchuzi wa kari, ana farasi mweupe anaitwa Binky, na anatushangaa binadamu. Anapita karibu kila kitabu.

Wachawi ndo wahusika wazuri? Hapa nashindwa kuelewa.

Swali zuri na kosa ni la tafsiri. Ukisema "mchawi" kwetu mtu anaona mambo ya usiku, ungo na makaburi. Wale wa Discworld wa vijijini fikiria mkunga, mtabibu wa mitishamba, msuluhishi wa mashamba na mtu anayekaa na maiti usiku kucha ili familia ilale, vyote kwa mtu mmoja. Uchawi wenyewe wanautumia mara chache na wanaona aibu ukitumika ovyo. Wale wa chuoni ndo wavivu, wanakula mara nne kwa siku na profesa mmoja akifa mwingine anapanda cheo. Mkutubi wao ni sokwe aina ya orangutani, aligeuzwa kwa ajali kwenye The Light Fantastic akakataa kurudishwa, kwa sababu mikono mirefu inafaa kwenye rafu. Usimwite nyani.

Vya kusikiliza je? Nakaa foleni masaa.

Eric kipo. Kuna cha zamani kimesomwa na Nigel Planer, na kuna rekodi mpya ambazo uzi wa Rincewind anausoma Colin Morgan, Mauti ana sauti yake mwenyewe, Peter Serafinowicz, na maelezo ya chini anasoma Bill Nighy. Mpya ziko safi zaidi kwa sikio lisilozoea. Pakua ukiwa na waifai, bando litaisha.

Nikiangalia muvi kwanza?

Eric hakina. Kuna The Colour of Magic ya 2008 ambayo David Jason ni Rincewind, kuna Hogfather ya 2006 na Going Postal ya 2010, na katuni ya The Amazing Maurice ya 2022. Going Postal ndo imekaa vizuri zaidi kwa mgeni.

## Nimemaliza, sasa?

Baada ya Eric niende wapi?

Inategemea ulichokipenda. Kama ulimpenda Rincewind nenda mbele Interesting Times (cha 17, 1994), pale ndo anakuwa mtu, halafu rudi Sourcery. Kama ulipenda sehemu ya motoni, miungu na mashetani kuchekwa, chukua Small Gods moja kwa moja, mungu mkubwa anajikuta kobe mdogo kwa sababu kabakiwa na muumini mmoja tu wa kweli. Kama ulipenda zile mara mbili tatu Mauti alipopita, chukua Mort. Kama hukupenda chochote ila bado unataka kujua watu wanashangilia nini, Guards! Guards!.

Si bora nirudi tu cha kwanza nifuate namba?

Unaweza na watu wengi wamefanya. Ila The Colour of Magic ni hadithi nne zilizounganishwa zinazotania fantasia za zamani, kama hukusoma zile za zamani unacheka nusu, na inaishia mtu anaanguka kutoka ukingoni mwa dunia, kihalisi, mpaka ununue The Light Fantastic. Mwandishi alikuwa bado anajifunza. Mimi nilivirudia hivyo viwili nikiwa nimeshasoma kama kumi na tano na nilivifurahia kama mtu anayeangalia picha za utotoni za rafiki yake.

## Kesi za pembeni

Bila kujua nimeanza na The Shepherd's Crown. Kifupi hivi nikadhani...

Simama hapo hapo ulipo. Najua si kinene, lakini ndo cha mwisho kabisa na kina tukio kubwa mapema ambalo linahitaji uwe umeishi na watu hao miaka. Kama umeshalisoma hilo tukio, pole. Rudi The Wee Free Men, kisha A Hat Full of Sky, Wintersmith, I Shall Wear Midnight, ndo umalizie. Utalia hata ukiwa unajua.

Na mimi niliyeanza na Night Watch?

Umeanza na kizuri kuliko vyote pengine, ila umeanza na dawa kali tumbo tupu. Si kifupi, kwa hiyo sijui kimefikaje hapa, lakini rudi Guards! Guards!, upande pole pole, ukikifikia tena utakuta ni kitabu kingine kabisa.

Mwanangu ana miaka 11, nimpe Eric?

Mpe Maurice au The Wee Free Men. Eric hakina matusi ya kutisha ila matakwa ya yule kijana ni ya kijana anayebalehe, na utani mwingi unamtaka msomaji awe ameshakutana na ofisi, kodi na ndoa.

Vitaongezeka? Nasikia aliacha ambavyo havijamalizika.

Haviongezeki. Aliagiza kazi zake ambazo hazijakamilika ziharibiwe, na Agosti 2017 diski ngumu ya kompyuta yake ikawekwa barabarani ikakanyagwa na mtambo wa mvuke wa kushindilia barabara, kwenye maonyesho ya mitambo ya mvuke kule Dorset. Alikuwa na aina ya nadra ya Alzheimer, ugonjwa unaodhoofisha ubongo, alitangaza 2007, na vya mwisho alivitoa kwa kuamuru kompyuta kwa sauti maana kuandika kulishamshinda.

Mama kaona kava na maneno ya kuita mashetani, kasema kitoke ndani ya nyumba.

Hili naulizwa kuliko unavyodhani. Usibishane naye kuhusu fasihi, hutashinda. Msomee kwa sauti pale yule msukuma jiwe anaposomewa kanuni, mtafsirie taratibu. Wangu alisikiliza akiwa anachambua mchele, akanyamaza kidogo, akauliza na huyo mfalme wa mashetani alisomea uongozi wapi, maana anafanana na bosi wake wa zamani. Kitabu kikabaki. Sasa hivi kiko kwake, na hajanirudishia.